Kituo chetu cha vijana kimepewa ofa ya kubeba jina la klabu kubwa ya Ulaya. Mkataba huu una mitego gani?

BabaU13 (Temeke)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaojua mikataba ya soka la vijana.

Tuna kituo Temeke, watoto 120 kuanzia U9 (chini ya miaka 9) hadi U17. Tumesajiliwa BMT (Baraza la Michezo la Taifa) kama klabu, tuko chini ya TEFA, chama cha soka cha Temeke, na watoto 64 wa U13 mpaka U17 tayari wamo kwenye mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la soka la nchi. Makocha ni wanne, mmoja ana leseni D ya ukocha ya CAF. Ada ni sh 25,000 kwa mwezi. Wanaolipa kweli ni kama 70, waliobaki wanacheza bure. Jezi tunachapisha Kariakoo, seti sh 22,000 ikiwa na namba.

Sasa imekuja ofa ya kubeba jina na nembo ya klabu moja kubwa ya Ulaya. Siitaji, mazungumzo bado yanaendelea. Rasimu inasema hivi:

Mkataba ni wa miaka 3. Ada ya leseni dola 10,000 kwa mwaka, "iwafikie kamili bila makato yoyote". Kila msimu tununue seti zisizopungua 150 za jezi zao kwa dola 40 seti. Wao wanaleta mkufunzi mmoja kwa siku 10 kila mwaka, wanatupa mtaala wa mazoezi, na vijana wawili bora "watafikiriwa" kwa majaribio Ulaya. Tufungue kampuni mpya yenye jina lao ndani yake, wachezaji wote wahamishiwe huko. Mchezaji yeyote akiuzwa, wao wapate asilimia 20, na wawe na haki ya kwanza ya kumchukua.

Wazazi wamefurahi sana, wengine wameshaanza kuulizia jezi. Kamati imegawanyika katikati. Kipi hapa ni cha kawaida, kipi tukatae, na kipi tuongeze?

---

KanuniZaMpira

Mkuu, weka kando ada na jezi kwanza. Anza na ile sentensi ya "wachezaji wote wahamishiwe kampuni mpya". Mali ya kituo chenu imo humo, na ndiyo mnayoombwa kuiachia.

Kituo kidogo hakina uwanja wake wala basi. Kilicho nacho ni rekodi ya usajili: mtoto fulani, kuanzia tarehe hii hadi ile, alikuwa mchezaji wa klabu yenu. Fedha za FIFA zinafuata rekodi hiyo. Jina lililo kifuani haziliangalii. Na ziko za aina mbili ambazo watu huzichanganya.

Kuna mchango wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa 12 mpaka 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima, kila mwaka wa 16 mpaka 23 una asilimia 0.5. Chukua kijana mliyemsajili kuanzia miaka 13 hadi 17. Akiuzwa kwa yuro 1,000,000, ile miaka mitatu ya mwanzo inawapa yuro 7,500 na miwili ya mwisho 10,000. Jumla 17,500. Akiuzwa tena mnapata tena. Tangu Julai 2020 hata akitoka klabu moja ya Ubelgiji kwenda nyingine hukohuko Ubelgiji mgawo wenu upo, kwa sababu ninyi mko chini ya shirikisho la nchi nyingine.

Halafu kuna fidia ya mafunzo. Inadaiwa pale kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya nje. Kipimo chake ni daraja la klabu inayomchukua (si daraja la ligi, ni kundi ambalo klabu hupangwa kwa gharama zake za mafunzo), wala haijalishi ninyi mlitumia shilingi ngapi. Kwa Ulaya daraja la kwanza ni yuro 90,000 kwa mwaka, la pili 60,000, la tatu 30,000, la nne 10,000. Miaka ya 12 hadi 15 inahesabiwa kwa bei ya daraja la nne. Kijana yuleyule akisaini klabu ya daraja la kwanza: miaka mitatu kwa 10,000, miwili kwa 90,000, jumla yuro 210,000. Akienda klabu ya daraja la nne, hakuna fidia. Na hapa wengi hujikwaa: akianza kusaini mkataba wa kulipwa na klabu ya hapahapa nchini, kisha ndiyo aende nje, fidia ya FIFA inakwenda kwa klabu aliyotoka tu. Ninyi mnabaki na mshikamano.

Sasa rudi kwenye kampuni mpya. Miaka ambayo watoto wameshacheza kwenu inabaki kwa klabu ya zamani. Klabu ya zamani ikiachwa ife, isishiriki tena mashindano, haki ya miaka ile haiihamii kampuni mpya. Inakwenda kwa shirikisho. Miaka ya mbele nayo inaingia kwenye kampuni ambayo jina si lenu na huenda hisa nazo si zenu. Tangu 16 Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kupokea na kugawa fedha hizi, na mfumo unajenga pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji kwa kutumia usajili uliowekwa na mashirikisho. Msipokuwemo humo, au mkiwemo kwa jina ambalo halina uongozi wala akaunti, malipo hayawafikii.

Kwa hiyo jibu la hapo ni moja: usajili ubaki kwa klabu yenu ileile iliyoko BMT na TEFA. Wakitaka jina lao lionekane, lionekane kwenye jezi, kwenye bango na kwenye ukurasa wa mtandaoni.

Asilimia 20 ya mauzo: kataeni, na mwelezeni kwa nini. FIFA imepiga marufuku umiliki wa haki za mchezaji kwa mtu wa tatu tangu 1 Mei 2015, kifungu 18ter cha kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Mtu wa tatu ni yeyote asiyekuwa mchezaji mwenyewe, klabu mbili zinazouziana, au klabu ya nyuma iliyowahi kumsajili. Klabu ya Ulaya ambayo haijawahi kumsajili mtoto wenu ni mtu wa tatu, hata kama nembo yake ilikaa kifuani kwake miaka mitatu. Mkisaini hicho kipengele, mnaoadhibiwa ni pamoja na ninyi.

Haki ya kwanza ya kumchukua isomeni kwa jicho la 18bis, kinachokataza klabu kusaini mkataba unaoipa klabu nyingine uwezo wa kuamua mambo yake ya usajili na uhamisho. "Mtatuarifu ndani ya siku 7 mkipata ofa" haina tatizo. "Hamtamruhusu kwenda popote bila idhini yetu" ina tatizo kubwa.

Na hao vijana wawili wa majaribio, mnajua umri wao? Kifungu 19 kinazuia uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18. Mianya iko michache: wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, wakimbizi, walio karibu na mpaka, na wa miaka 16 hadi 18 ndani ya Umoja wa Ulaya. Mtoto wa Temeke anayeishi Temeke haingii popote humo. Barcelona walifungiwa kusajili mwaka 2014 kwa kifungu hikihiki, Real Madrid na Atlético Madrid wakafuata 2016. Hakuna klabu kubwa itakayothubutu kumsajili mtoto wenu wa miaka 15, kwa hiyo mzazi asiuziwe ndoto hiyo pamoja na jezi.

---

MhasibuWaKlabu

Mimi nitazame namba tu, kwa kuwa ndizo zitakazowaua kabla kanuni hazijawafikia.

Mapato yenu: watu 70 kwa sh 25,000. Juni na Desemba shule zikifungwa wengi hawalipi, kwa hiyo hesabu miezi 10. Ni sh 17,500,000 kwa mwaka.

Ada ya leseni si dola 10,000. Malipo ya kutumia jina na nembo ni mrabaha, na mrabaha unaolipwa nje una kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokwenda TRA. Kwa kawaida mngekata 1,500 mkawapelekea 8,500. Lakini wameandika "bila makato yoyote", maana yake kodi yao mnailipa ninyi. 10,000 gawanya kwa 0.85 ni dola 11,765. Tukikadiria dola kwa sh 2,600, hiyo ni sh 30,589,000. Maneno matatu tu, yameongeza zaidi ya sh 4,500,000 kwa mwaka. Yafutwe, yaandikwe "kodi zote zinazotakiwa na sheria ya Tanzania zitakatwa kwenye malipo, na hati ya makato itatolewa".

Jezi: 150 kwa dola 40 ni dola 6,000, yaani sh 15,600,000, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Seti hizohizo 150 Kariakoo ni sh 3,300,000.

Leseni na jezi pamoja ni sh 46,189,000. Mkiwagawia wale 70 kwa miezi 10, kila mzazi anaongezewa karibu sh 66,000 kwa mwezi. Ada inatoka 25,000 kwenda 91,000, na hapo kocha hajapata hata nauli. Wale 50 wanaocheza bure hawana nafasi tena kwenye hesabu hii. Naomba kamati iisome aya hii kwa sauti mbele ya wazazi, kwa sababu mzazi anayeulizia jezi leo hajaambiwa bei yake.

Mkiendelea na mazungumzo, sehemu ya jezi ina mambo yake. "Zisizopungua 150" wakati mna watoto 120: hizo 30 za ziada zinabaki stoo. Idadi ifuate watoto waliosajiliwa. Oda itoke baada ya kupima watoto, maana wa U13 akivaa saizi ya msimu uliopita shati linamfika kitovuni. Tarehe ya kufika iandikwe, angalau wiki 4 kabla ya ligi kuanza, na ikichelewa mruhusiwe kuchapisha za muda hapa nyumbani. Na muundo wa jezi udumu misimu miwili. Klabu za Ulaya hubadilisha jezi kila mwaka, na mikataba mingine inakataza kuvaa ya mwaka jana. Hapo ndipo watu hujikuta wananunua seti mpya huku za zamani hazijachakaa.

Mkufunzi wa siku 10: tiketi, hoteli na chakula analipa nani? Kama rasimu imenyamaza, jueni ni ninyi.

---

Likoni_Stopa (Mombasa)

Ndugu BabaU13, swali ambalo sijaliona hapo juu: aliyesaini upande wa pili ni nani hasa? Klabu yenyewe, au kampuni iliyopewa haki za kanda?

Mara nyingi klabu ya Ulaya huuza leseni ya nchi au kanda nzima kwa kampuni moja, halafu kampuni hiyo ndiyo inayozunguka ikiuzia vituo vidogo. Hilo halina ubaya, bali kandarasi yenu haiwezi kuishi zaidi ya yao. Leseni yao na klabu ikiisha Juni mwakani, miaka yenu mitatu imekufa Juni mwakani, na pesa mlizotanguliza hazina mwenyewe. Itisheni ukurasa wa kandarasi yao kuu unaoonyesha mambo manne: eneo, tarehe ya mwisho, haki ya kutoa leseni ndogo, na sahihi ya klabu. Bei wanaweza kuifunika kwa karatasi, hiyo haiwahusu. Kisha iandikieni klabu yenyewe, kwa anwani mliyoitoa wenyewe kwenye tovuti rasmi ya klabu, si ile mliyopewa na mjumbe. Ulizeni swali fupi: kampuni hii ina haki ya kutoa jina lenu Tanzania? Mkijibiwa "hatuwafahamu", mmeokoa kituo. Msipojibiwa kwa wiki tatu, msilipe.

Mtu akidai ada ya viza au ya majaribio kwa simu, huyo ni tapeli, hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

Angalieni pia kama mjumbe mwenyewe ni wakala wa wachezaji. Tangu Oktoba 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na majina yao yanatafutika kwenye jukwaa la FIFA. Kwa watoto sharti ni kali zaidi: hamfikii mtoto wala mzazi hadi ibaki miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu mtoto kusaini kandarasi ya kulipwa, na mzazi awe ameridhia kwa maandishi. Mjumbe wa nembo anayeomba orodha ya watoto wa U15 pamoja na namba za wazazi, hiyo orodha si ya jezi.

Jina nalo lina mambo. Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mkatazame kama nembo hiyo imesajiliwa Tanzania kama alama ya biashara, na nani kaisajili. Mkipanga kufungua tawi Unguja, Zanzibar ina usajili wake kwenye wakala wake, BPRA, wa bara hauvuki bahari. Huku Kenya tungeenda KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, na kubadilisha jina la klabu kunapitia kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Mwisho, jina si lazima linunuliwe lote. Kuna njia nyepesi: kliniki ya siku 5 wakati wa likizo, mkufunzi wa klabu anakuja, watoto wanalipia wiki hiyo moja, makocha wenu wanasimama naye uwanjani asubuhi na jioni, kisha kila mtu anarudi na jina lake. Kwa kituo cha watoto 120 naona hiyo inatosha kabisa. Wale wasioweza kulipa mnawatengea nafasi kwenye idadi kabla hamjatangaza.

Na ukitaka kujua kwa nini KanuniZaMpira anang'ang'ania usajili, mfuate Victor Wanyama, kiungo wa Kenya: Beerschot kwenda Celtic 2011, Celtic kwenda Southampton 2013, Southampton kwenda Tottenham 2016. Mchezaji mmoja, na kwa kanuni ya leo kila ada kama hizo inafungua ile asilimia 5 upya (ile ya 2016 ilikuwa ndani ya England, kabla ya kanuni ya 2020).

---

BabaU13 (Temeke)

Shukrani sana, wakuu. Likoni_Stopa umegusa penyewe. Nimefungua rasimu tena, aliyesaini ni kampuni ya Dubai, na klabu imetajwa tu kama "mmiliki wa nembo". Kesho natuma barua kwa klabu.

Swali la nyongeza. Tukikataa kampuni mpya, tukakataa ile 20, tukabaki na nembo kwenye jezi tu, kuna faida yoyote ya kweli? Baadhi ya wajumbe wanasema Marekani vituo vidogo vyote vinafanya hivyo na vinakua.

---

KiungoWaNje (Marekani)

Kaka, nijibu hilo la Marekani. Ni kweli huku ni jambo la kila siku, ila mazingira ni tofauti na mnaweza kuiga kitu kisichowafaa.

Huku jina linalobebwa si la Ulaya peke yake. Kuna majina ya ndani: Rush iliyoanzia Colorado mwaka 1997, Surf ya San Diego, na klabu za MLS, ligi kuu ya huku, zenye vituo shirika katika majimbo yao. Klabu ndogo ya mji inabadilisha jina na rangi, inakuwa tawi. Sababu kubwa ni nafasi ya ligi. Mzazi wa huku anamlipia mtoto acheze, na anafuata ligi yenye hadhi: ECNL iliyoanza 2009, au MLS NEXT iliyoanza 2020 baada ya shirikisho kufunga ligi yake ya akademi. Klabu yenye jina inavuta watoto wengi, watoto wengi wanaleta ada, ada inalipa makocha.

Tatizo ni kwamba ligi hizo hukubali klabu moja moja, hazikubali nembo. Tawi linaweza kulipia jina mwaka mzima na lisipate nafasi. Kwa hiyo wanaojua huandika: ligi gani, umri gani, wavulana au wasichana, kufikia tarehe gani, na nafasi isipopatikana ada inarudi kiasi gani. Kwenu TEFA na TFF hawagawi nafasi za ligi kwa kuangalia nembo. Faida kubwa kabisa ya Marekani kwenu haipo.

Jambo la pili ni kuchujwa. Jina kubwa likishaingia, huundwa timu moja ya mkoa, na watoto wanne au watano bora wa kila tawi hupandishwa huko. Tawi linabaki na wazazi wanaouliza mbona timu inafungwa. Andikeni kwamba mtoto hapelekwi timu nyingine bila sahihi ya mzazi na ya klabu, na kwamba usajili wake haubadiliki katikati ya msimu.

La tatu linanigusa zaidi, kwa kuwa familia nyingi za Kiswahili huku ni za Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Klabu ya mtaa iliyokuwa inawachukua watoto wao kwa ada ndogo, au bila ada, ikibadilika kuwa tawi, mtoto anatoka. Hakuna anayemfukuza. Jezi tu inakuwa ghali, na mechi zinakuwa mbali saa tatu kwa gari. Dawa ni namba ndani ya mkataba: nafasi 40 bila ada, jezi zao zikiwa kwenye bei ya jumla, na msimamizi wa leseni hana mamlaka ya kuzipunguza. Ikikaa kama ahadi ya mdomo, itakufa msimu wa pili.

Na huku hadi miaka ya karibuni klabu za vijana kwa kawaida hazikuwa zikipata fidia wala mshikamano. MLS yenyewe ilitangaza Aprili 2019 kwamba itaanza kuzidai. Ninyi Tanzania hamna kizuizi hicho. Msiige mkataba wa nchi ambayo klabu zake hazikuwa na cha kupoteza hapo.

---

MamaKipa

Naongeza la watoto wenyewe. Rasimu hizi huwa na kipengele cha picha: mwenye nembo anaweza kutumia picha na video za wachezaji "duniani kote na bila kikomo cha muda". Klabu haina haki ya kutoa ruhusa hiyo, mwenye kuitoa ni mzazi. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za mtoto zinahitaji uangalizi zaidi. Fomu iwe ya mzazi mmoja mmoja, kwa Kiswahili, ya msimu mmoja, na mzazi akikataa mtoto aendelee kucheza. Picha isiambatane na jina kamili, shule na mtaa. Mtoto kipa wa miaka 11, picha yake, jina lake na shule yake kwenye ukurasa mmoja ni ramani ya kumfikia.

Na huyo mkufunzi wa siku 10 asibaki peke yake na watoto, iwe uwanjani, garini au hotelini. Kocha wenu awepo muda wote. Hilo nalo liandikwe.

Kwa wanaotaja Rwanda: kule PSG na Bayern waliingia kupitia Visit Rwanda, kampeni ya utalii ya Rwanda, makubaliano ya ngazi ya nchi. Timu ya U13 ya Rwanda ilibeba kombe la akademi za PSG mwaka 2022, na tuwapongeze sana. Lakini hakuna kamati ya mtaa iliyochangishana ada ya leseni pale, kwa hiyo msiitumie kama mfano wa hesabu zenu.

---

KanuniZaMpira

BabaU13, nembo kwenye jezi tu inaweza kuwa na faida moja, mafunzo ya makocha, mradi muiandike kama kazi inayopimika. "Mtaala" peke yake ni faili la kompyuta. Dai saa: mkufunzi awe uwanjani saa 4 kwa siku kwa siku 8, makocha wote wanne wafundishe mbele yake na kukosolewa, na mazoezi yote 40 ya mwaka yabaki kwenu hata mkataba ukiisha. Asipokuja, robo ya ada isilipwe. Ada yenyewe ilipwe kwa awamu nne, si kwa mkupuo.

Kutoka kwenye mkataba ndiko watu hawakufikirii siku ya kusaini. Notisi ya siku 90 kwa pande zote mbili. Jezi mlizonunua mruhusiwe kuzivaa hadi msimu uishe, maana vinginevyo watoto wataingia kucheza U15 na vizibao. Mgogoro usikilizwe Dar es Salaam. Wakiandika London au Dubai, hamtaweza kulipa hata nauli ya wakili. Jina lenu la zamani lisifutwe BMT, na libaki kwa maandishi madogo chini ya nembo, ili mwalimu wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na katibu wa TEFA wajue ni walewale.

Ukurasa wa Instagram na wa Facebook ufunguliwe kwa barua pepe ya klabu, nywila iwe kwa katibu. Mkifungua kwa barua pepe ya mwenye leseni, siku ya kuachana mnapoteza miaka yote ya picha pamoja na wafuasi. Faili la vyeti vya kuzaliwa vya RITA na fomu za usajili lisitoke kabatini kwenu. Wakitaka takwimu, wapeni majina na mwaka wa kuzaliwa, nakala za vyeti wasipewe.

---

BabaU13 (Temeke)

Nimeandika yote. Kamati inakaa Jumamosi, nitaanza na ile aya ya sh 91,000. Klabu ikijibu barua na wao wakirudisha rasimu mpya, nitaiweka hapa bila majina.

---

MhasibuWaKlabu

Ukiileta, leta na kiambatisho cha matumizi ya nembo. Kwa kawaida kiko mwisho, kurasa kama 20 za rangi na vipimo, na watu hawakisomi. Tafuta humo neno "wadhamini". Mara nyingi jezi yenye nembo yao hairuhusiwi kuwa na tangazo lingine lolote, hata la yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayewanunulia maji na kulipia nauli za mechi za ugenini. Kama ndivyo, hesabu niliyokupa ni ndogo kuliko gharama halisi, jumlisha na alichokuwa anatoa.